Uliyeanzia God of War ya 2018, hiyo 2018 yenyewe bado hujaicheza

Pedi ya Nne (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kuna ubishi umekuwa ukijirudia kwenye kundi letu la WhatsApp, nimeamua kuuleta huku maana kule watu wanajibu hoja kwa stika. Ubishi wenyewe: kwenye God of War zote, ipi kali zaidi? Vijana waliomkuta Kratos, mhusika mkuu, tayari ana ndevu na shoka wanasema ya 2018, na kwamba zile za PS2 (PlayStation 2) ni gemu za kubonyeza ovyo huku jamaa akipayuka. Wakongwe wanasema 2018 wamemharibu mwamba, wamemgeuza mlezi wa watoto.

Mimi nasema kambi zote mbili zimecheza nusu nusu. Na nitaeleza kwa kitu kimoja tu, kitufe cha duara kwenye pedi.

Tahadhari: nataja nani anakufa na anakufaje. Ambaye hajamaliza apite kushoto.

God of War nimeijulia Tanga, Ngamiani, kwenye banda la gemu la mabati. TV nne za chogo, PS2 nne zimelazwa kifudifudi kwa sababu zikikaa sawa hazisomi sidii. Mwenye banda tulimwita Bro. Riziki yake ilikuwa Winning Eleven, gemu ya mpira, mia mbili mechi, dakika kumi watu wanapisha wengine. God of War alikuwa hataki hata kuisikia. Kwanza anacheza mtu mmoja, anakaa saa nzima, na nyuma yake kuna watoto kumi na watano wanaangalia bure. Pili, na hili ndilo lililomuuma, God of War inaua duara. Adui akishachoka, alama ya duara inamtokea kichwani, unabonyeza. Geti zito, unabonyeza duara haraka haraka mpaka mkono unaota ganzi. Baada ya miezi miwili ule mpira wa ndani unalegea, kitufe kinazama hakirudi. Na kwenye Winning duara ndiyo krosi. Mtu katoa mia mbili yake, kafika kwenye kibendera, krosi haitoki. Ugomvi.

Bro akaweka sheria: anayetaka God of War atumie pedi ya nne. Alikuwa ameifungua na kutia kipande cha ile karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara chini ya duara. Ilikuwa inalia tik, tik, tik. Gemu zile nazikumbuka kwa mlio huo kuliko kwa muziki wake. (Memori kadi nayo ilikuwa moja ya banda zima. Kuna mshenzi alisevu juu ya sevu yangu nikiwa nimeshafika Hades. Nikimjua leo bado tutapigana.)

Sasa tuingie kwenye gemu zenyewe.

Ya kwanza ilitoka Machi 2005, mkurugenzi David Jaffe, studio ni Santa Monica. Inaanza Kratos anajirusha kutoka kwenye genge, kisha unarudishwa wiki tatu nyuma, uko kwenye meli na Hydra anatafuna mabaharia. Unamwua kwa kulichoma lile kichwa kubwa kwenye mlingoti uliovunjika, na alama za vitufe zinakujia moja moja kwenye kioo. Banda zima lilipiga kelele. Halafu inafuata sehemu ambayo hakuna aliyepiga kelele: nahodha ananing'inia kwenye koo la Hydra, anadhani umekuja kumwokoa. Kratos anachukua ufunguo shingoni mwake, anamwachia adondoke.

Pale ndipo unapoelezwa unacheza na mtu gani. Mbele zaidi, ndani ya hekalu la Pandora, kuna askari kwenye kizimba. Analia, anaomba. Unamsukuma na kizimba chake kupandisha mteremko mpaka kwenye moto, achomwe akiwa hai, mlango ufunguke. Hakuna njia nyingine ya kupita. Sisi watoto tulikuwa tunajadili kama ipo. Kuna aliyeapa kwamba binamu yake wa Mombasa alimwokoa yule askari. Chai.

Kisa cha Kratos mnakijua: alimtumikia Ares, mungu wa vita, Ares akamtega akaua mkewe Lysandra na bintiye Calliope kwa mkono wake, majivu yao yakaganda kwenye ngozi yake. Ule weupe wa mwili wake si rangi. Ukishajua hilo, kila ukimwona anakimbia kwenye kioo unaona amebeba nini.

II ilitoka Machi 2007, PS3 iko sokoni tayari, wao wakaiacha PS2 hiyo hiyo. Mkurugenzi safari hii Cory Barlog. Kwa utamu wa kucheza tu, hii ndiyo bora ya zama za Ugiriki, na sibishani na mtu. Unaanza na sanamu la Rhodes lililotiwa uhai, linakufukuza mjini, linachungulia madirishani, unapigana nalo kwa awamu, na hapo gemu ndiyo kwanza inaanza. Kosa lake ni mwisho. Titani wanapanda Olympus, Kratos yuko mgongoni kwa Gaia, moto umewaka, halafu yanapanda majina ya watengenezaji. Banda lilitaka kurudishiwa hela.

Mwaka huo huo wa 2007 ilitoka Betrayal, ya simu za Java, unaiona ubavuni kama zile gemu za kale. Wengi hawaijui kabisa. Haina madhara, haina faida.

Chains of Olympus, Machi 2008, PSP, waliitengeneza Ready at Dawn. Huku kwetu wengi tumeichezea kwenye simu kwa PPSSPP, ile programu ya kuchezea gemu za PSP, miaka mingi baadaye. Nusu ya kwanza ya kawaida, korido nyingi. Lakini mwishoni Kratos anampata Calliope, kule waliko wema waliokufa. Amempa mungu wa kike Persephone nguvu zake zote ili akae na mwanawe. Kisha Persephone anamwambia ukweli: Atlas ameachiwa, nguzo ya dunia itavunjwa, na kila kitu kitakwisha, huyo mtoto akiwemo. Ili amwokoe lazima arudie ukatili wake, na akishaurudia hatamwona tena.

Mtoto amemkumbatia. Alama inatokea kwenye kioo. Duara.

Bonyeza haraka haraka umsukume mwanao.

Nilikuwa kwenye daladala, simu ya kioo, duara lenyewe la kuchorwa, hakuna hata tik. Miaka yote kidole gumba changu kilishajifunza kwamba duara maana yake kung'oa kichwa, kupasua tumbo, kuinua geti. Kitufe kile kile. Anakurudia, unamsukuma tena. Nilipita kituo changu.

Ghost of Sparta (2010, PSP, mafundi wale wale) ni nzuri kuliko Chains kwa mapigano, ule mkuki na ngao ni raha, na Kratos anamburuza Mfalme Midas mpaka kwenye mto wa moto ili ugeuke dhahabu apite juu yake. Ila kisa cha ndugu yake Deimos hakikunishika.

III, Machi 2010, PS3, mkurugenzi Stig Asmussen. Hapa watu husifia ukubwa, na kweli, kumpiga Titani Cronos huku unamtambaa mwilini kama siafu si kitu cha kawaida. Lakini tazameni duara na ndugu zake wanafanya nini. Poseidon anauawa ukiwa ndani ya macho yake yeye: unaona mikono ya Kratos inakujia wewe. Helios anang'olewa kichwa kwa mikono, kisha kichwa kinatumika kama kurunzi, kinawashwa kwenye giza. Mateka wa Poseidon, mwanamke asiye na kosa, anafungwa kwenye gurudumu ili geti lisishuke. Unakumbuka askari wa kizimbani? Ni yeye yule, na safari hii hata watoto wasingejadili kama kuna njia nyingine, tulishazoea.

Halafu Zeus, mfalme wa miungu, mwisho kabisa. Hakuna silaha, ni ngumi. Duara. Unampiga, damu inarukia kioo. Duara. Kioo kinazidi kuchafuka. Duara, duara, mpaka huoni kitu, ni wekundu mtupu, na gemu haikwambii chochote. Nilikuwa ghetto kwa mwana mmoja Sinza, yeye anasonga ugali. Akageuka akaniuliza, "TV imekufa?"

Ndipo nikaacha. Na nilipoacha ndipo gemu ikaendelea.

Mmeona? Zile nyingine zilikuwa zinakuamrisha ubonyeze. Hii ikakaa kimya ikangoja uache wewe mwenyewe. Ningeweza kukaa pale mpaka ugali upoe.

(Ascension, 2013, nairuka. Si mbaya, imechelewa tu. Duara lile lile lakini Kratos hana tena cha kulifanyia.)

Sasa 2018. Aprili, PS4, Barlog amerudi, na Kratos kahamia kwa miungu ya Skandinavia. Kamera haikati tangu mwanzo hadi mwisho, iko begani kwa Kratos. Umaskini wake mmoja naukubali: mabosi ni wachache, yale majitu makubwa yenye nguzo za mawe unapigana nayo mara nyingi mno. Lakini chukua pedi mkononi, usiangalie hata kioo.

Kitufe cha boksi zamani kilikuwa cha kukatia. Boksi, boksi, pembetatu, hata usingizini naipiga. Sasa boksi ni mtoto. Ukilibonyeza, Kratos anamwita mwanawe Atreus, Atreus anatupa mshale. Pembetatu linaita shoka lirudi mkononi. Na duara? Duara linafungua makasha, linasukuma milango, linaongea na watu. Kidole kilichompasua Zeus kimepewa kazi ya kufungua milango.

Saa za kwanza nilikuwa nabonyeza boksi nikitaka kukata, na kila nikikosea mtoto anatupa mshale. Nilichukia. Kama baada ya saa tano nikajikuta nambonyezea kwa makusudi. Kisha anaugua. Kratos anambeba anampeleka kwa Freya, yule mchawi, na Freya anamwambia dawa iko Helheim, kuzimu, kwenye barafu ambako shoka lako la barafu halifai kitu. Anarudi nyumbani peke yake, anafunua mbao za sakafu. Mapanga yale ya minyororo yako pale, yamefungwa kitambaa.

Aliyeanzia 2018 anaona silaha mpya imefunguliwa. Sisi tuliona mkono wetu. Nilishusha pumzi. Na kule Helheim unapigana na boksi ni kitufe kifu, hakuna wa kumwita.

Ndiyo maana nasema wakongwe nao hawakuelewa. Hawajamlainisha. Wamechukua kila kitu ambacho kidole chako kilifanya kwa miaka minane na kukificha chini ya sakafu.

Ragnarök (Novemba 2022, mkurugenzi Eric Williams) ni pana mno. Kule msitu wa Ironwood na yule binti Angrboda nilisinzia, na si usemi. Lakini ina mambo mawili yanayolingana na hoja yangu. Atreus akiondoka, anayeandamana nawe ni Freya, yule uliyemuua mwanawe Baldur mwishoni mwa 2018, aliyeapa atakuua. Sasa boksi ni la Freya. Na Thor: unampiga, amekwisha, kidole kinasubiri alama ya kummalizia. Kratos anashusha silaha. Anayemwua Thor ni Odin.

Desemba 2023 wakatoa Valhalla, nyongeza ya Ragnarök, bure, Kratos anarudishwa kwenye kumbukumbu za Ugiriki, na kichwa cha Helios kipo kinamsimanga. Kwa hiyo wenyewe watengenezaji wanajua tunachozungumza.

Haya, nipondeni.

Mzee wa Kuchaji

Umeua, mkuu. Hiyo ya PS2 kulazwa kifudifudi imenirudisha mbali. Ya kwetu iliwekewa na kopo la maziwa juu ili mfuniko usifunguke.

Ila II haiwezi kuizidi III. Kataa kubali.

Bahari_Moto

Mleta uzi, Ascension umeionea. Ile hatua ya Trial of Archimedes ilikuwa ngumu mpaka studio yenyewe ikatoa marekebisho kuipunguza makali. Mimi niliimaliza kabla ya marekebisho, kwa hiyo heshima yangu iwekwe hapa hadharani.

Pedi ya Nne

Heshima imewekwa. Picha ya ushahidi iko wapi?

Bahari_Moto

Ilikuwa kwenye simu iliyoibiwa.

Pedi ya Nne

Chai.

Mwanasiti wa Likoni

Niaje wadau. Mimi ni mmoja wa hao mnaowasema. Nilianzia 2018 kwa PS4 ya binamu yangu, hizo za PS2 sijawahi kuziona hata siku moja, na niko na neno.

Babangu alikuwa fundi wa injini za boti, mtu wa maneno matatu kwa siku. Akitaka nimpe spana ananyoosha mkono tu, haniangalii. Nilipomwona Kratos anataka kumwekea mtoto mkono begani, mkono unafika nusu, anaurudisha, nilisimamisha gemu nikaenda jikoni kunywa maji. Sikuhitaji kumpasua Zeus ndio nielewe huo mkono umebeba nini. Na anavyomwita mtoto, neno moja kama anaita mbuzi, hiyo ndiyo ilikuwa nyumba yetu.

Kwa hiyo usiniambie sijaicheza. Nimeicheza, ila si kwa kidole chako.

Pedi ya Nne

Dada Mwanasiti, hapo umenibana. Kile cha mkono kurudi nyuma nilikiona na nilikipita haraka, maana mimi nilikuwa nangojea mapanga. Kichwa cha uzi sikibadilishi kwa sababu nimeshakuwa mbishi, lakini chukua pointi zako tatu.

Swali tu: lile la mbao za sakafu ulilionaje wewe?

Mwanasiti wa Likoni

Nilijua kuna kitu kibaya amekificha. Sikujua ni nini. Huyo mwanamke anayemtokea kwa radi sikujua ni nani. Nilifikiri ni mkewe, kusema kweli.

Pedi ya Nne

Ni Athena. Alikufa II, kwa mkono wa Kratos, akijitupa mbele ya upanga ili kumkinga Zeus.

Mwanasiti wa Likoni

Haya basi. Hiyo ingenisaidia.

Mzee wa Kuchaji

Ndoa hiyo inanukia.

Kijiti cha Saba

Naunga mkono hoja lakini Ragnarök umeipa aya moja tu, si haki. Kifo cha Brok, ndugu yake fundi Sindri, je? Sindri baada ya hapo ndiye mtu wa kweli kuliko wote kwenye gemu zote tisa. Hasamehe. Gemu nzima inahubiri watu wabadilike, na huyo fundi mdogo anakataa, anachukua nyundo anapasua kile kigololo chenye roho ya Odin, anaondoka bila kuaga. Hukulitaja kwa sababu halina kitufe.

Pedi ya Nne

Kweli kabisa. Sindri hana kitufe. Ile nilikuwa naangalia tu, sikuwa na la kufanya, na labda ndiyo maana iliniuma.

Tecno na Maisha

Wakuu, samahanini kwa kuingilia. Mimi nina simu tu, sina PS yoyote. Nianzie wapi?

Bahari_Moto

PPSSPP, anza na Chains, kisha Ghost of Sparta. Kwenye mpangilio shusha ubora wa picha kwanza, simu isikaangike. Na ukuze yale maduara ya kwenye kioo, hasa moja. Utaliona.

Tecno na Maisha

Shukrani mkuu.

Mzee wa Kuchaji

Bado nasubiri mtu aniambie kwa nini II inaizidi III.

Kijiti cha Saba

Farasi wa jiwe wa Rhodes... hapana, sanamu. Sanamu la Rhodes. Na Pegasus. Na wale farasi wa Cronos wenye ukubwa wa kisiwa, unatembea juu ya hatamu. III ina damu nyingi ila inazunguka mlima ule ule, unapanda unashuka. II ilikuwa safari.

Mzee wa Kuchaji

Sawa. Nimekataa lakini nimesikia.

Tecno na Maisha

Wakuu nimerudi, ni siku ya nne leo. Nimefika pale kwa mtoto. Amenikumbatia na duara linawaka. Nimeiweka simu mezani.

Nikikaa hivi hivi bila kubonyeza, inakuwaje?

Pedi ya Nne

Kaa. Kisha utuambie.